Tofali la Mwatumu

Iko nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa wenyewe wanalijua na wasio wenyewe hawana shida nalo. Ni nchi nzuri. Milima ipo, mabonde yapo, mvua inanyesha ikijisikia, na serikali ipo siku zote, hata Jumapili.

Siku moja Waziri wa Elimu wa nchi hiyo alisimama jukwaani akasema elimu ya taifa lazima iwe ya usawa. Alisema hivyo tu, maana jua lilikuwa kali na chakula kilikuwa tayari. Watu wakapiga makofi. Sasa, bohari ya wizara ilikuwa chini ya bwana mmoja aliyehamishiwa hapo kutoka Wizara ya Ujenzi, mtu mtiifu sana, ambaye maisha yake yote alilijua neno usawa kwa maana moja tu: ukuta usilale upande. Wiki haijaisha, akawa ameshapeleka pimamaji kila wilaya. Pimamaji ni kile kifaa cha waashi chenye kichupa cha maji na kipovu ndani yake. Kipovu kikitulia katikati, ukuta uko sawa, fundi anaendelea.

Wizarani waligundua kosa siku ileile. Lakini kugundua ni kazi moja na kusema ni kazi nyingine, na katika nchi ile mtu aliyewahi kusema "tumekosea" hakupangiwa tena safari ya nje. Ikabidi kosa litungiwe utaratibu.

Utaratibu ukawa hivi. Wanafunzi wanapangwa mstari, wa mitaa ya wenye nacho wamechanganywa na wa mitaa ya wasio nacho. Ubao mrefu unalazwa juu ya vichwa vyao. Pimamaji inawekwa juu ya ubao, kisha Afisa Msawazishaji wa Wilaya anainama, anafumba jicho moja, anatazama kipovu. Kikitulia katikati, shule ina usawa. Kikikimbia, mtoto mfupi aliyeuinamisha ubao anapewa tofali akanyage. Waliouinamisha ubao walikuwa zaidi wale waliokula mlo mmoja kwa siku, kwa hiyo matofali yakawaendea wao, na redio ikatangaza kwamba sasa wanyonge wamefikiwa.

Baadaye tofali likatoka uwanjani likaingia kwenye mitihani. Mtoto asiyejua kusoma aliongezewa "tofali la alama" mpaka akalingana na anayejua, kisha wote wawili wakapandishwa darasa wameshikana mikono. Pengo likaisha. Wageni wakaja kutoka nchi za mbali kuona ajabu hiyo, wakapigwa picha, na mmoja wao akaomba tofali la kwenda nalo kwao.

*

Bi Asteria Mkomwa alipelekwa kuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Mteremko bila kuomba. Shule yenyewe ilikuwa imejengwa ubavuni mwa kilima, kiasi kwamba mpira ukiwaponyoka watoto wa darasa la saba unaokotwa na wa darasa la kwanza. Juu yake kulikuwa na nyumba za wakubwa, zenye bomba na geti. Chini yake kulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto bonde la mpunga, ambako nusu ya wanafunzi walitoka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia moja mbaya: akiuliza swali, alisubiri jibu.

Siku ya kwanza aliingia darasa la nne, akakaa nyuma. Mwalimu akamaliza somo, akapaza sauti kama ilivyo desturi: "Tumeelewana?"

"Ndiyooo, mwalimu," darasa likajibu, kwa wimbo uleule wa siku zote.

Asteria akamgeukia binti aliyekaa mwisho kabisa, chini ya dirisha lisilo na kioo.

"Unaitwa nani?"

"Mwatumu."

"Hebu nisomee hapa, Mwatumu. Mstari huu tu."

Mwatumu akakitazama kitabu, kisha akamtazama mwalimu mkuu kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni amepotea njia.

"Mimi nina tofali, mwalimu," akasema kwa upole.

"Tofali gani?"

"La alama. La kwanza nilipewa nikiwa darasa la pili. Wakasema nisihangaike tena."

Watoto wote wa madawati ya nyuma wakaitikia kwa vichwa. Nao walikuwa nayo.

Asteria akatoka nje, akaketi juu ya rundo la matofali ya ukaguzi lililokuwa pembeni ya ofisi. Alijua jambo ambalo kila mwalimu wa nchi ile alilijua na hakuna aliyelitaja: kuanzia darasa la tano hapakuwa na kipindi cha kusoma. Huko kila mtu alihesabiwa kuwa ameshajua. Mtoto aliyevuka mwaka ule bila kusoma hangefundishwa tena maisha yake yote. Angeendelea kupewa matofali mpaka anaoa au anaolewa. Hapo ndipo alipoamua. Hakutaka shule ipate kikombe wala yeye apate cheo. Alitaka watoto wa bonde wasome, kwa macho yao wenyewe, kabla mwaka haujaisha.

*

Kesho yake alisimama getini. Alitaka kuona kitu kidogo tu, ni nani anaingia saa ngapi. Watoto wa juu waliingia mapema, soksi nyeupe. Watoto wa bonde walifika kengele imeshalia, nguo zimelowa mpaka kiunoni, kwa kuwa mto haukuwa na daraja na asubuhi iliwabidi wangoje mtu mzima wa kuwavusha.

Getini walipokelewa na mwalimu wa zamu, Mwalimu Gervas, akiwa na mafyekeo. Sheria ya shule ilikuwa wazi: aliyechelewa anafyeka nyasi mpaka kipindi cha kwanza kiishe.

"Kipindi cha kwanza ni kipindi gani?" Asteria akauliza.

"Kusoma, mama. Kusoma ni asubuhi, akili ikiwa bado mbichi."

"Na wanaochelewa ni akina nani?"

"Hawa hawa."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Hawabadiliki. Ila nyasi zetu ni za kwanza wilaya nzima."

Hilo lilikuwa kweli. Katikati ya zile nyasi palisimama kibao kilichoandikwa USIKANYAGE NYASI, na waliozifyeka ndio hasa waliozikanyaga, kwa kuwa hawakuweza kukisoma.

Asteria akayakusanya mafyekeo, akayafungia stoo. Kipindi cha kusoma akakihamishia baada ya uji, wakati kila mtoto alikuwa amefika na amekauka. Kisha akamwita Gervas ofisini, maana Gervas ndiye mwalimu aliyewazidi wote pale kwa kufundisha, na alikuwa akifundisha mkondo A, wa watoto wa juu.

"Kuanzia Jumatatu unachukua watoto wa bonde," akamwambia.

"Mama, mimi ni wa A. Niko A tangu nina nywele."

"Hao wa A wanakuja wanajua kusoma kutoka nyumbani kwao. Wewe umewafundisha nini?"

Gervas akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, ndiyo sababu hakuwahi kupandishwa cheo.

"Kujiamini," akasema.

"Huku nyuma kujiamini hakuna, na kusoma hakuna. Utakuwa na kazi mpaka ufurahi."

"Wazazi wa juu watanila nyama, mama."

"Wataanza na mimi. Wewe watakulia ugali."

Gervas akacheka bila kupenda, akaenda kutafuta chaki.

Kazi ikawa ngumu kuliko walivyodhani, na si kwa sababu ya herufi. Kila Gervas alipouliza kama wameelewana, waliimba "ndiyooo", hata alipokuwa hajafundisha kitu. Siku moja aliandika ubaoni mikwaruzo isiyo na maana, akauliza, wakaimba. Alikwenda ofisini akiwa amekata tamaa.

Asteria akaja darasani mwenyewe. "Kuanzia leo," akawaambia, "asiyeelewa aseme neno moja. Aseme: bado."

Watoto wakatazamana. Neno hilo halikuwa limepigwa marufuku, la hasha. Lilikuwa tu limeacha kutumika katika majengo ya umma tangu serikali itangaze kwamba mambo yote yamekamilika. Barabara zimekamilika, hospitali zimekamilika, na mtu aliyesema "bado" alionekana kama anayebisha.

"Tumeelewana?" Asteria akauliza.

Akasubiri. Alisubiri mpaka nzi akatua juu ya meza akaruka tena.

"Bado," Mwatumu akasema kwa sauti ya chini, halafu akajikinga uso kwa mkono, akingoja kofi.

Kofi halikuja. Gervas alichukua chaki akaanza upya. Siku zilizofuata neno likaenea kama upele. Bado, mwalimu. Hapo bado. Mimi hiyo ya mwisho bado. Gervas alisema hajawahi kuchoka namna ile tangu azaliwe, na akaanza kuwahi kazini.

Kilichobaki kilikuwa mto. Asteria aliwaita wazazi wa bonde, akawauliza wanahitaji nini ili watoto wavuke wenyewe. Wakasema mawe wanayo, ila matofali ya kusawazisha juu hawana. Akawaonyesha lile rundo pembeni ya ofisi. Wazee wakasita.

"Haya si ya serikali, mwalimu?"

"Ni ya kuwainua watoto wenu," Asteria akasema. "Imeandikwa hivyo kwenye mwongozo. Yapelekeni yakawainue."

Jumamosi moja wakajenga. Kilikuwa kivuko cha hovyo, kimepinda kama mkia wa mbwa, na pimamaji ingekikataa mara moja. Lakini Jumatatu Mwatumu alifika kabla ya kengele, miguu mikavu, akazunguka uwanja mzima akiwa hajui afanye nini na muda wote ule.

*

Mama Noela, mke wa Meneja wa Maji, alikuja na gari lake mpaka mlangoni mwa ofisi.

"Mwalimu mkuu, habari za kazi. Nasikia Mwalimu Gervas ameshushwa."

"Karibu, mama Noela. Amehamishwa darasa, hajashushwa."

"Kutoka A kwenda kwa wale, huko si kushuka?"

"Noela anaendeleaje kusoma?"

"Noela anasoma mpaka maandishi ya mfuko wa unga."

"Wenzake bado."

Mama Noela akaguna kidogo kwa neno lile. "Mimi sina ubaguzi, ujue. Dada yangu wa kazi anatoka huko bondeni. Mtoto wake alipopata tofali la pili, mimi mwenyewe nilimnunulia soda. Ila usawa, mwalimu, ni kila mtu kubaki na chake. Ukichukua mwalimu wa mwanangu ukampa mwingine, huo ni wizi, hata ukiwa na sababu nzuri."

Alipoondoka, Asteria alikwenda kuchungulia mkondo A. Noela alikuwa akisoma peke yake dirishani, mwalimu mpya akihangaika mbele na chaki iliyokatika. Mtoto hakuonekana kuibiwa kitu, lakini alionekana mpweke, na jambo hilo halikumtoka Asteria akilini siku nzima. Hakuwa na hakika ya kila kitu. Alikuwa na hakika ya mto tu, na ya zile nyasi.

Mama Noela alipiga simu wilayani. Haikupita wiki, Bwana Pantaleo akafika.

*

Bwana Pantaleo, Afisa Msawazishaji wa Wilaya, alikuwa mrefu kiasi cha kuona juu ya ubao wowote. Pimamaji yake aliibeba ndani ya kitambaa cha bluu, na dereva wake alibeba ubao.

"Nyasi zimeota," akasema, kabla hata ya salamu.

"Na watoto pia, mzee," Gervas akamjibu, kisha akajifanya kukohoa.

Mstari ukapangwa. Ubao ukalazwa vichwani. Pantaleo akafungua kitambaa taratibu, akaweka pimamaji, akafumba jicho. Kipovu kikakimbia mpaka mwisho wa kichupa, kikajibanza huko.

"Matofali yako wapi?"

"Mtoni," Asteria akasema.

"Yanafanya nini mtoni?"

"Yanakanyagwa. Na watoto walewale waliokuwa wanayakanyaga hapa."

"Mwalimu mkuu, wewe umeondoa usawa wa shule nzima ukautupa majini."

"Waulize wasome, Bwana Afisa. Chukua mtoto yeyote wa bonde."

"Kusoma si kigezo," Pantaleo akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Kusoma kunatofautiana. Huyu anasoma haraka, yule polepole. Ukianza kuwasomesha, utawaona hawalingani, halafu nani atalala? Ndiyo maana tuna ubao."

Mwatumu alikuwa chini ya ubao, mbele yake kabisa, akiutazama ule mkono uliokuwa umeishusha pimamaji mbele ya macho yake. Ubavuni mwa kifaa palikuwa na bati dogo lenye maandishi. Mtoto aliyejifunza kusoma juzi hawezi kuacha kusoma. Midomo yake ikaanza yenyewe.

"Ma-li ya... Wi-za-ra ya... U-je-nzi," akasoma, kwa sauti, uwanja wote ukasikia. "I-ru-di-shwe."

Pantaleo akaweka dole gumba juu ya bati, akalifunika. Alikuwa amekibeba kifaa kile miaka mingi. Alikuwa ameyasoma maandishi yale siku ya kwanza alipokabidhiwa, na hakuyasoma tena.

"Nani amekufundisha kusoma vitu visivyo vya kwenu?" akamuuliza.

Mwatumu akaelekeza kidole kwa Gervas. Gervas akaelekeza kwa Asteria. Asteria hakuwa na wa kumwelekeza, akainua mkono wake mwenyewe, kama mwanafunzi.

*

Tume iliundwa. Ilikaa hotelini, mbali na shule, ili isiathiriwe na ukweli wa upande wowote. Ilipomaliza, haikumpata Asteria na kosa hata moja. Ilimpata na upungufu wa aina mpya kabisa: kwamba Shule ya Mteremko ina mwalimu mkuu wa namna hiyo, wakati shule nyingine zote za nchi hazina. Hilo ni pengo. Kwa hiyo, kwa moyo wa usawa, Bi Asteria Mkomwa agawanywe. Atakaa siku moja katika kila shule ya taifa, kila mtoto apate chake sawasawa na mwenzake, na akizimaliza zote atarejea Mteremko kwa siku yake moja. Gervas arudi mkondo A. Mafyekeo yatolewe stoo. Matofali, ambayo ni mali ya umma, yatolewe mtoni.

Dereva wa wizara alipiga hesabu ya shule kichwani, akamtazama mama yule mfupi, akasema, "Pole, mama. Utarudi hapa mimi nimeshastaafu, na mwanangu ameshastaafu."

Waziri akaja mwenyewe siku ya makabidhiano. Turubai lilifungwa, viti vya kuegemea vikapangwa. Matofali yalikuwa yameng'olewa mtoni jana yake. Yalikuwa bado na matope, yamepangwa mstarini, kila moja mbele ya mtoto wake. Getini, mafyekeo yalikuwa yameegemezwa ukutani tayari kwa kesho.

Asteria alikuwa ameshapandishwa nyuma ya lori na begi lake, kwa kuwa shule ya pili ilikuwa mbali na alitakiwa huko asubuhi. Injini ilikuwa ikinguruma, ikingoja hotuba iishe.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema, "wapo wanaodhani usawa ni kumpa asiye nacho. Hapana. Huo ni upendeleo. Usawa ni pale ambapo hatuoni tofauti. Na sisi, kama taifa, tumejizoeza kutoona. Mwalimu wenu hatujamwondoa, tumemzidisha. Leo ni wa watoto wote. Watoto wangu, tumeelewana?"

"Ndiyooo, Mheshimiwa."

Wimbo ulikuwa uleule, lakini ulikuwa na tundu mahali fulani. Bwana Pantaleo, mwenye sikio zuri kwa mambo hayo, akapita mstarini akalitafuta. Watoto wengine wa matofali walikuwa juu ya matofali yao, ubao na pimamaji vichwani. Mwatumu alikuwa amesimama kando ya lake, chini.

"Panda," Pantaleo akamnong'oneza.

"Bado."

"Haya, upesi. Mheshimiwa anangoja."

"Bado sijaelewa."

Alilisema kwa adabu, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Waziri akalisikia. Ni miaka mingi hakuwa amelisikia neno hilo kwenye mkutano, na kwa kuwa hakulizoea, akafanya kosa ambalo hakuna mkubwa wa nchi ile aliyewahi kulifanya hadharani. Akauliza.

"Hujaelewa nini, binti?"

"Tofali langu mmelitoa mtoni," Mwatumu akasema. "Kesho nitavuka na nini?"

Waziri akamtazama Pantaleo. Pantaleo akaitazama pimamaji. Kwenye mstari, mtoto wa pili akashuka kwenye tofali lake, bila kelele, kisha wa tatu, na ubao ukaanza kulala upande. Mama Noela, kiti cha mbele, akamwona mwanawe naye anaangalia chini kuona pa kuweka mguu atoke chini ya ubao.

Juu ya lori, Asteria alishika ubavu wa bodi akasubiri jibu.

Lori halikusubiri.